Mfuko wa bao la marehemu baba: komwe 63 na gololi moja ya kijani

#1 BintiNgamiani

Habari za jioni wanajamvi. Shikamooni wakubwa zangu.

Niko Tanga, Ngamiani, wiki ya pili sasa. Marehemu baba alituacha mwaka jana, na ndugu tumekubaliana nyumba ipangishwe, kwa hiyo mimi niliye karibu ndiye niliyekuja kutoa vyombo. Juu ya kabati la chumbani kwake nimekuta bao lake limefungwa kwenye kanga kuukuu, pamoja na mfuko wa khaki wenye komwe, zile mbegu ngumu zinazotumika kuwa kete za bao. Bao lenyewe nalijua tangu sijang'oka meno ya utoto: mashimo 32, mistari minne, na zile nyumba mbili za pembe nne zilizochongwa tofauti na mashimo mengine. Kila alasiri baada ya sala lilikuwa barazani, na sisi watoto tulikatazwa kulisogelea likiwa na wachezaji.

Nikamwaga komwe mkekani nizihesabu. Najua zinatakiwa 64. Nimepata 63, na ya sitini na nne ni gololi. Gololi ya kioo, ya kijani. Nimekaa nayo mkononi mpaka adhana ya magharibi.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 7, kaka yangu 11. Alikuwa na gololi ya kijani yenye utepe mweupe ndani, na mtaa mzima waliijua, kwa sababu wenzake wengi walichezea zile za chuma zinazotolewa kwenye beringi za magari. Siku moja ikapotea. Akasema nimeichukua mimi. Niliapa, nililia, mama akanipekua mpaka ndani ya madaftari. Kaka hakunisemesha siku nyingi, na hata tulipopatana, kitu chochote kikipotea nyumbani macho yalinigeukia mimi kwanza. Sikuichukua. Nasema tena leo nikiwa mama wa watoto wakubwa: sikuichukua.

Kaka yuko Muscat. Nimeipiga picha nikamtumia, bado sijapata jibu.

Wakati nasubiri, naomba tukumbushane. Mlichezea nini? Kilitengenezwa kwa nini, na nani? Na sheria za mtaani kwenu zilikuwaje, maana mchezo ule ule kila mji uliucheza kivyake. Msiniandikie majina ya michezo tu, nielezeni mlivyocheza.

#2 MtotoWaMakorora

Pole kwa msiba dada. Mungu amrehemu mzee. Mimi pia wa Tanga. Nipo hapa mpaka kaka ajibu.

#3 FundiWaya

Pole sana dada. Ya gololi siyajui, ila kwenye waya nina la kusema.

Nimekulia Magomeni, Dar. Miaka ya 1982 mpaka 1985, baada ya vita vya Kagera, madukani sabuni haipatikani, sembuse gari la kuchezea. Mama yuko kwenye foleni ya duka la kaya, sisi tuko nyuma ya gereji tunaokota waya. Waya wa fensi ulikuwa mgumu na ulitufaa kwa chasi. Wa henga za nguo ulikuwa laini, ndio wa bodi na milango. Matairi yalitoka kwenye malapa yaliyokatika: unaweka kifuniko cha chupa ya dawa juu ya soli, unazungushia kalamu, unakata kwa wembe, kisha unachoma msumari kwenye mkaa unatoboa katikati. Harufu ile ya mpira unaoungua ndio utoto wangu. Nikipita kwa fundi viatu nikaisikia, nasimama.

Kazi yangu kubwa ilikuwa Ikarus. Walioishi Dar wakati ule wanazikumbuka zile kumbakumba za UDA, shirika la mabasi ya jiji, basi refu lenye kiungo katikati kinachojikunja likikata kona. Mimi nilitaka la kwangu lijikunje vile vile. Nilitengeneza mabodi mawili, nikayaunganisha kwa waya mmoja wa kusimama, na ule mkunjo wa katikati nikautengeneza kwa karatasi ya mfuko wa saruji niliyoikunja kunja kama kinanda cha mkono. Mara ya kwanza ilichanika. Mara ya pili nikaipaka mafuta ya taa ili ilainike, ikachanika tena. Mara ya tatu kaka yangu akaniambia nikunje karatasi mbili pamoja. Ikakaa. Nilipokata kona ya kwanza kwenye vumbi, nimeshika usukani wangu mrefu unaofika kifuani, basi likajikunja kama lile la kweli. Kuna watoto waliacha mpira wakaja kutazama.

Miaka mingi baadaye nilishika ule mchemraba wa rangi sita aliobuni Ernő Rubik mwaka 1974, nikasoma kwamba ni kitu cha Hungaria. Ikarus nayo ni ya Hungaria. Nilifurahi peke yangu siku nzima, na hapa nyumbani hakuna aliyeelewa kwa nini.

Leo ni fundi wa kuchomelea. Sikusomea popote kupima kwa macho. Nilijifunzia pale nyuma ya gereji.

#4 Kizibo12

Drafti. Ubao wa boksi, visanduku 64 kwa kalamu ya risasi na mkaa, vizibo 12 vyako vimelala kifudifudi na 12 vyangu chali. Kizibo kikiingia kingi unakipandishia kingine juu. Vizibo hivyo hivyo ndivyo nilivyokwenda navyo darasa la kwanza kuhesabia, kwa hiyo mama alikuwa anavificha ili Jumatatu nisiende mikono mitupu.

#5 MtuWaMichenzani

Dada pole kwa kuondokewa na mzee wako.

Huku Unguja bao lipo, lakini kwetu sisi baraza ilikuwa ya dhumna. Wazee wanne, wawili kwa wawili, vipande 28, kila mtu saba. Kipande hakiwekwi, kinapigwa, mpaka vikombe vya kahawa vinaruka. Babu alinikalisha nyuma yake nikiwa na miaka tisa na akanipa kazi moja tu: nisitazame vipande vyake, nihesabu vilivyokwisha kushuka. Kila namba ina vipande saba. Zikishashuka tano za namba fulani, unajua mbili zimebaki kwa nani, kwa sababu yule aliyegonga kupisha zamu hana. Nilidhani ananifundisha dhumna. Nilipofika sekondari na kuanza hesabu za makisio, nikaona kitu ninachokijua tayari.

Keram nayo ilikuwa ya vijana. Tisa nyeupe, tisa nyeusi na malkia mmoja mwekundu, ubao unapakwa poda mpaka unateleza. Kidole changu cha shahada mpaka leo kina sugu.

Lakini kwa kutengeneza, mimi ni mtu wa tiara. Msimu wa kusi ukiingia, chelewa za fagio zote za mtaa zinapungua. Unachagua mbili nyepesi zilizonyooka, gazeti, gundi ya unga wa ngano, mkia wa kitambaa. Kosa la wengi ni mkia. Ukiwa mfupi tiara inazunguka kama mtu aliyepandisha shetani, ukiwa mrefu mno hainyanyuki. Unaurefusha na kuupunguza hapo hapo ufukweni, fundo kwa fundo, mpaka tiara yenyewe itulie. Sijawahi kupata kipimo chake. Kila upepo una wake.

#6 BintiNgamiani

Ahsanteni sana. @FundiWaya umenirudisha mbali, kaka alikuwa na lori la waya ambalo taa zake zilikuwa vizibo vya soda. @MtuWaMichenzani nimemsomea shangazi habari ya babu yako na dhumna, amesema ndivyo wazee walivyofundisha, hawasemi wanakufundisha.

Kaka ameiona picha. Hajaandika kitu.

#7 MamaWaMsamvu

Naona wanaume wametawala uzi, niwaletee mdako.

Morogoro, uwanja wa nyuma ya nyumba za reli. Unachimba kishimo cha upana wa kiganja, unakilainisha kwa maji, unatia kokoto kumi na mbili. Jiwe moja la mviringo ndilo la kurusha. Ukilirusha juu unakomba kokoto zote nje na kulidaka. Ukirusha tena unazirudisha zote ila moja, hiyo inabaki yako. Halafu tena, mpaka kishimo kiishe. Kisha unapanda daraja: unabakisha mbili mbili, tatu tatu. Ukikosa kudaka, au ukibakisha idadi siyo, mwenzio anachukua. Usirushe juu sana. Wanaorusha juu ni wageni. Anayejua anarusha kidogo tu, na mkono wa chini una haraka kama wa mtu anayechambua mchele.

Rede mnaijua. Wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa, mpira wa soksi iliyojazwa vitambaa. Yetu ilikuwa na chupa: aliye katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, na chupa ikijaa ndipo umeshinda. Nilikuwa mnene na nilikuwa naijaza. Siri ni kuinama upande, usiwape mgongo.

Na mtoto wangu wa kwanza alikuwa hindi. Msimu wa mahindi mabichi, lile lenye ndevu ndefu nyekundu ndilo zuri, unazisuka. Nguo zilitokana na vipande vilivyoanguka chini ya cherehani ya fundi wa jirani. Yule mama alikuwa akiona tumekuja anapitisha mkasi kwenye kitambaa kizima kidogo, makusudi, kianguke. Alidhani hatuoni. Nilipojifungua binti yangu nilimpelekea yeye wa kwanza ambebe.

#8 MkaziWaMakongeni

Poleni sana. Mimi ni wa Nairobi. Hiyo rede yenu kwetu ni kati, na gololi tunaita bano. Nilikuwa naziweka kwenye mkebe wa Kimbo, na usiku ninalala mkebe ukiwa chini ya mto. Kujificha kwenu mnaita kombolela, sisi brikicho.

Ningependa kumuuliza Binti: hiyo gololi ni safi au imekwaruzwa? Bano ikichezewa kwenye murram miaka miwili inakuwa na ukungu, huoni ndani.

#9 BintiNgamiani

@MkaziWaMakongeni imepata ukungu. Utepe mweupe unauona ukiisogeza karibu na taa.

#10 KonaTupu

Mimi nina jambo lililonikaa miaka 30. Labda hapa nitapata mtu.

Mjomba alirudi kutoka safari na kibao cha plastiki cha namba, vile vidogo vya kuteleza. Miraba 15 na nafasi moja tupu, unasogeza mpaka zipangane 1 mpaka 15. Binamu na mimi tuligombania mpaka tukapangiwa zamu. Yeye alikuwa anakipanga kwa dakika chache. Mimi nilifika mara nyingi sana mahali pale pale: zote zimekaa, mstari wa mwisho unasomeka 13, 15, 14, kisha tupu. Kila siku nabakiza 14 na 15. Nilikaa nacho likizo nzima ya Juni. Nilikuwa mtoto wa kwanza darasani, lakini ile likizo niliamini kwamba kuna kitu kichwani mwangu hakipo. Sikumwambia mtu.

Kuna mtu anajua nilikuwa nakosea wapi?

#11 TichaWaHesabu

@KonaTupu hukuwa unakosea popote.

Nisikilize kwa makini, nitaeleza polepole. Tuseme umeshaipanga vizuri, na nafasi tupu iko kona ya chini kulia. Kila unaposogeza mraba mmoja, nafasi tupu inahama hatua moja. Ili irudi kwenye kona yake, lazima iwe imehama hatua za shufwa, maana kila iliyokwenda kulia imerudi kushoto, kila iliyopanda imeshuka. Na kila hatua ni kubadilishana mahali kati ya nafasi tupu na mraba mmoja. Kwa hiyo jumla ya kubadilishana ni shufwa. Sasa, kugeuza 14 na 15 tu, vingine vyote vikiwa mahali pake, ni kubadilishana mara moja. Moja ni witiri. Shufwa haiwezi kuzaa witiri, hata ukiisogeza miaka mia. Wanahesabu walilithibitisha jambo hili tangu mwaka 1879.

Maana yake ni hii: kibao chako kilipokuwa zamu yako, kuna mtu alikuwa ameshang'oa miraba miwili akaibadilisha kwa mkono. Vile vya plastiki vinang'oka kwa ukucha.

Huwa nawafundisha wanafunzi wangu jambo hili kila mwaka. Sikujua kama kuna mtu aliyelihitaji hivi.

#12 KonaTupu

Mwalimu.

Nimesoma mara tatu, kisha nikachora kwenye karatasi nikajaribu na vipande vinne. Ni kweli. Likizo nzima. Ahsante sana. Naandika huku machozi yananilenga na sioni haya. Binamu yangu yu hai, tunaonana harusini na misibani, nitamwuliza kwa upole tu.

#13 Mwananyamala_B

Kwetu mafumbo hayakuwa na plastiki. Bibi, giza, koroboi, na sisi tumemzunguka. Kitendawili! Tega. Kuku wangu katagia mwibani. Nanasi! Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni. Njia! Huku ng'o na kule ng'o. Hapo watoto wote kimya, na bibi anazima koroboi: giza.

Ukishindwa unatoa mji. Na bibi alikuwa haondoki na mji hivi hivi. Ukimpa Bagamoyo atakwenda Bagamoyo, atakula samaki wa Bagamoyo, atakutana na watu, atasimulia mpaka njaa ikuume, ndipo akupe jibu. Nilikuwa najifanya nimeshindwa nimpe miji ambayo sijaijua. Tabora niliijua kwa mdomo wa bibi kabla sijafika, na nilipofika nikatafuta miembe aliyoitaja. Ipo.

Lakini lile lililotutoa jasho ni la chui, mbuzi na majani. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, anataka kuvuka mto, mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi kaliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yameliwa. Tulichora mto kwa kijiti, gunzi ndilo chui, kokoto ndiyo mbuzi. Bibi alitupa siku nne.

#14 MtotoWaMakorora

Kwetu lilisimuliwa hivyo hivyo. Babu akasema avushe viwili, ashindwe cha tatu, akiache.

#15 Mwananyamala_B

Hapana ndugu yangu, vyote vinavuka. Kinachowashinda watu ni kwamba hawafikirii kumrudisha mbuzi. Anamvusha mbuzi kwanza, anarudi mtupu. Anamvusha chui, na akirudi anarudi na mbuzi. Anamwacha mbuzi, anavusha majani, anarudi mtupu, anamchukua mbuzi. Safari saba. Dada yangu mdogo ndiye aliyelipata siku ya tatu, na alilipata kwa sababu alikuwa anamwonea huruma mbuzi akawa hataki kumwacha na mtu, kila safari anataka ampakie tena.

#16 LudoMwanga

Ludo kwetu Mwanza ilikuwa ya msimu wa mvua. Kadi moja, upande mmoja ludo na upande wa pili nyoka na ngazi. Dadu ilipotea wiki ya kwanza, tukachonga nyingine kwa chaki ya shule, na kwa kuwa chaki inalika, upande wa sita ukawa unaanguka zaidi. Wote tulijua. Tukakubaliana wote tuitumie hiyo hiyo ili haki iwe sawa. Sheria yetu: sita tatu mfululizo zinafutika zote.

#17 MzeeWaKete

Nimeusoma uzi wote tangu jana. Binti, pokea pole za mtu mzima. Nina umri wa baba yako au zaidi, na bao nimelicheza tangu Mtwara mpaka Dar es Salaam, nimeketi barazani na watu wanaolijua kweli. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji, kwa hiyo mchezo huu usiuone wa wazee wasio na kazi.

Nikueleze kwa nini baba yako asingeweza kucheza na 63. Kila mtu ana 32. Unapoanza, nyumba inatiwa sita, na mashimo mawili yanayofuata kulia kwake yanatiwa mbili mbili. Hizo kumi. Zinazobaki 22 unazishika mkononi, unanamua moja moja, yaani kila zamu unaingiza moja ubaoni, mpaka ziishe ndipo mnaingia mtaji, mnacheza na zilizo ubaoni tu. Ikipungua moja, mmoja wenu atamaliza kunamua kabla ya mwenzake, na mchezo wote umepinda. Ndiyo maana kete ikipotea, watu hawaendelei. Wanatafuta jiwe, wanatafuta punje ya hindi, wanatafuta chochote kinachoenea kwenye ngumi. Jirani zetu vivyo hivyo, Waganda wana omweso na Wanyarwanda wana igisoro, mashimo 32 na mbegu 64.

Sasa, gololi. Mchezaji mzuri hapendi kete inayotofautiana, kwa sababu jicho linaifuata. Ukiijua iko shimo gani, ni alama, na alama inasaidia kukumbuka. Kwa hiyo gololi ile haikuingia pale bila wachezaji wote kuikubali. Umesema imepata ukungu. Angalia vizuri: iliyochezewa mchangani ina mikwaruzo ya kukata, mirefu. Iliyogongana na komwe na mti miaka mingi inakuwa na ukungu laini, sawasawa pande zote, kama jicho la mzee. Ya kwako ni ipi?

#18 BintiNgamiani

Shikamoo mzee wangu.

Nimeipeleka dirishani. Ni laini. Sawasawa pande zote.

#19 MzeeWaKete

Marahaba binti. Basi baba yako ameichezea miaka.

#20 FundiWaya

Dada, kaka amejibu?

#21 BintiNgamiani

Amejibu usiku wa kuamkia leo. Ameniruhusu niandike.

Alinipigia, hakuandika. Alikaa kimya kwanza mpaka nikadhani simu imekatika. Akaniambia hivi. Mwaka 1991, ana miaka 16, baba alimwita barazani kwa mara ya kwanza acheze, kwa sababu mwenzake wa kila siku alikuwa mgonjwa. Kaka akaketi, akaanza kunamua, na kwenye mkono wake wa tatu au wa nne akaiona. Akaitambua saa ile ile. Akamwuliza baba imetoka wapi. Baba akasema komwe moja ilidumbukia kisimani, na siku chache baadaye alipokuwa anakung'uta mkeka wa barazani gololi ikaanguka, ilikuwa imejibana kwenye ukindu uliofumuka. Akaiweka badala ya kete. Hakujua ilikuwa na habari. Alidhani ni ya mtoto yeyote wa mtaani.

Kaka aliniambia: nilijua siku ile kwamba hukuichukua, na sikuja kukwambia. Kwanza niliona aibu. Kisha ukaolewa. Kisha nikaondoka. Kila nikipata nafasi nikaona imepita. Akaniomba msamaha, kaka yangu, mtu wa miaka hamsini, analia kwenye simu. Nikamwambia nilishasamehe zamani, na ni kweli nilishasamehe, lakini sikujua kwamba kusikia "hukuichukua" kutanifanya nikae chini.

Mama hayupo asikie. Hilo ndilo linaloniuma.

#22 MamaWaMsamvu

Dada, nimesoma nikiwa kwenye daladala na nimepitiliza kituo. Mama aliyekuzaa alikujua. Alikupekua kwa sababu kaka alikuwa analia, mama wa watoto wawili anafanya hivyo. Pole na hongera kwa pamoja.

#23 KonaTupu

Ahsante kwa kuleta uzi huu. Sina zaidi.

#24 MtuWaMichenzani

Dada, kama unataka komwe ya 64, mkomwe unaota fukweni, kichaka cha miiba, hata ganda lake lina miiba. Unaupata Pangani na hata jirani na hapo ulipo. Sisi tulikuwa tunaisugua komwe sakafuni mpaka ipate moto halafu unamgusisha mwenzio mkononi. Chukua ngozi ya kushikia.

#25 BintiNgamiani

Ahsante kaka yangu, lakini kaka amekataa komwe nyingine isiongezwe. Amesema anakuja Desemba, bao lisipangishwe na nyumba, na gololi ianze kwenye nyumba ya upande wangu. Nimemwambia sijui kucheza, wanawake wa kwetu hatukufundishwa. Amesema ana wiki tatu za likizo.

Mimi sitaki kumsubiri. Jana nimeanza na binti yangu, tunafuata maelezo ya @MzeeWaKete. Sita kwenye nyumba, mbili, mbili, ishirini na mbili mkononi. Mzee wangu, naomba unisaidie hapa tulipokwama: nimekula shimo la pili kutoka mwisho, upande wa kushoto. Zile kete nazianzia wapi? Binti anasema ninachagua mwenyewe.

#26 MzeeWaKete

Huchagui. Shimo la mwisho ni kichwa, na hilo la pili ni kimbi. Ukila kichwa au kimbi cha kushoto, kete unaziingiza kwa kichwa cha kushoto, upande wako, na unakwenda kulia. Ukila cha kulia, unaingiza kulia. Ukila mashimo ya katikati kete zako zikiwa tayari zinatembea, ndipo unapotazama ulikuwa unaelekea wapi, uendelee hivyo hivyo. Na kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako, hapo ndipo una hiari: uisafirishe, yaani uziinue kete zake uendelee, au ulale, yaani uishie hapo. Usiwe na haraka ya kusafiri. Cheza, ukikwama tena niandikie, usiku huwa silali mapema.

#27 BintiNgamiani

Nimemwonyesha. Tumeanza upya. Gololi ameishika yeye.